Kazi ya Kompyuta Ughaibuni Haiuzwi: Tuliyoyapitia na Tunaloliomba Nyumbani

Mada iliyotolewa na vijana wanne wa Usangi wanaoandika programu za kompyuta, mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha maendeleo, Desemba 2025. Imechapwa hapa kwa ombi la kamati, kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kupanda mlima.



Anayesoma ni mmoja, lakini maneno ni ya wote wanne, tumeyaandika pamoja. Wawili kati yetu tunafanya kazi Berlin, Ujerumani. Mmoja yuko Eindhoven, Uholanzi. Wa nne hakuhama. Anaishi Moshi na anafanya kazi kwa kampuni iliyoko Ulaya bila kuvuka mpaka. Wote tumezaliwa katika tarafa hii, tumesoma shule za msingi za huku, na ada zetu za sekondari zimetokana na kahawa, ndizi, na michango ya watu ambao baadhi yao wamekaa hapa mbele. Kwa hiyo hatujaja kuwafundisha wazee. Tumekuja kutoa hesabu.

Kamati ilitutaka tujibu swali ambalo vijana wengi wanatuuliza kwa simu: "Kaka, dada, nikijua kompyuta na Kiingereza, nitapataje kazi nje?" Tutalijibu kwa ukweli, hata pale ambapo ukweli hautufurahishi. Mwisho tutaomba kitu.

Kazi yenyewe ni nini

Mama wa mmoja wetu huwaambia majirani kwamba mwanawe "anatengeneza kompyuta". Si hivyo hasa. Fundi anayefungua kompyuta na kubadilisha kifaa ana kazi yake, na ni kazi ya heshima. Sisi tunaandika maagizo ambayo kompyuta au simu huyafuata. Unapotuma pesa kwa simu kutoka Kariakoo na bibi akazipokea Kighare, kuna mtu aliandika maagizo ya jinsi pesa hiyo itoke huku, iingie kule, na isipotee njiani mtandao ukikatika. Huyo ndiye mwandishi wa programu.

Maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalumu, na maneno ya lugha hizo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Vitabu, masomo na mijadala ya wenye fani pia ni ya Kiingereza. Ndiyo maana kijana wa Tanzania aliyesoma sekondari kwa Kiingereza ana nafasi ambayo hana katika kazi nyingine. Daktari akienda Ujerumani ni lazima kwanza aongee Kijerumani na wagonjwa. Mwandishi wa programu anaweza kukuta ofisi nzima Berlin ikiongea Kiingereza, kwa kuwa wenzake wametoka India, Brazil, Misri na Poland.

Nafasi hiyo ipo kweli. Lakini kwa sababu ipo, na wezi wake wapo.

Ng'ombe watatu na kipande cha shamba

Tunaanza na hili kwa sababu limetokea kwetu. Mmoja wetu, kabla hajafika alipo leo, alilipa shilingi milioni sita kwa wakala jijini Dar es Salaam. Wakala alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi, bendera mezani na picha za ndege ukutani. Aliahidi kazi ya kompyuta Kanada. Alitoa barua ya ajira yenye muhuri. Milioni mbili zilikuwa za "kufungua faili", mbili za "mwajiri" na mbili za "kuharakisha viza". Nyumbani waliuzwa ng'ombe watatu na kipande cha shamba la migomba.

Barua ile ilikuwa ya kughushi. Kampuni iliyotajwa ipo, lakini haikuwahi kumsikia. Ofisi ilipofuatwa, mlango ulikuwa na kufuli na simu haipokelewi. Baba yake hakumgombeza. Alisema tu, "Tumelipa ada ya shule nyingine." Shamba lile halijarudi mpaka leo.

Sisi Wapare tunataniwa kwamba mtu wetu yuko tayari kuuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Basi utani huo tuugeuze uwe faida: kabla ya ng'ombe kuuzwa, kesi ya barua ile isikilizwe kwanza. Na hukumu yake ni rahisi, kwa kuwa mambo haya ya kuangalia yako wazi kwa kila mtu.

La kwanza, mwajiri wa kweli hakudai pesa ili akuajiri. Anakutafuta kwa sababu anahitaji kazi ifanyike. Ada ya viza ipo, na hulipwa ubalozini au katika kituo kilichotajwa na ubalozi, kwa risiti.

La pili, nchi kadhaa zimeweka majina ya waajiri wanaoruhusiwa kuleta wageni hadharani. Uingereza ina orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini. Uholanzi ina orodha ya waajiri wanaotambuliwa na idara yake ya uhamiaji, iitwayo IND. Orodha hizo ni bure kuzisoma. Jina la mwajiri lisipokuwemo, barua hiyo haina kazi.

La tatu, hakuna mwajiri wa programu anayeajiri mtu bila kumsaili. Ukiambiwa umepata kazi na hakuna aliyekuona uso wala kukupa jaribio, ujue hujapata kazi. Umepatikana wewe.

Jinsi tulivyopata kazi

Watu wanadhani mlango ni Kiingereza. Kiingereza kinakuruhusu kubisha hodi. Kinachokuingiza ndani ni kazi uliyokwisha kuifanya na inayoonekana.

Wawili kati yetu tulisoma kompyuta chuo kikuu, mmoja Dodoma na mmoja Dar es Salaam. Wa tatu ana diploma. Wa nne alisomea uhasibu na akajifunza programu mwenyewe usiku, kwa bando la simu na kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, na kazi imekatika. Alitumia masomo ya bure yaliyo kwenye intaneti, kama yale ya freeCodeCamp na somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard. Tunayataja kwa makusudi ili mzazi asidanganywe kwamba lazima alipe milioni mbili kwa "kozi ya kwenda nje". Mwanzo ni bure. Gharama ni kompyuta, umeme, intaneti na muda.

Wote wanne tulifanya kazi hapa nchini kwanza. Mmoja alitengeneza mfumo wa stoo kwa muuza dawa za jumla. Mwingine aliandika programu ya kutunza hesabu za kikoba cha akina mama, akilipwa kuku na asante. Mwingine alijitolea katika DHIS2, mfumo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika kukusanya takwimu za afya katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Mfumo huo maandishi yake ya ndani yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma na kupendekeza marekebisho. Alianza kwa kurekebisha maneno ya Kiswahili, akaendelea hadi kurekebisha makosa ya programu yenyewe. Miaka miwili baadaye, kwenye usaili, aliulizwa: "Hili kosa ulilirekebishaje?" Alikuwa na la kueleza, na waliomsaili waliweza kuliona kwa macho yao.

Kazi za namna hiyo huwekwa mahali panapoitwa GitHub, ambapo waandishi wa programu duniani huhifadhi na kuonyesha kazi zao. Kwetu ni sawa na seremala anayekupeleka ukaone kabati alilotengeneza kwa jirani. Cheti kinasema ulikaa darasani. Kabati linasema unajua kazi.

Kisha kuna kuomba, na hapa vijana tuelewane. Mmoja wetu alituma maombi zaidi ya mia moja ndipo akapata usaili wa kwanza. Kampuni nyingi hazijibu kabisa. Nyingine hujibu baada ya dakika mbili kwamba hawaajiri mtu aliye nje ya Ulaya. Si tusi. Ombeni pale ambapo tangazo linasema wazi kwamba kampuni inasaidia kupata viza na kwamba lugha ya kazi ni Kiingereza.

Usaili wenyewe huwa wa hatua tatu au nne. Kwanza mazungumzo mafupi kwa video: wewe ni nani, umefanya nini. Pili jaribio la kuandika programu, mara nyingine ukiwa peke yako nyumbani, mara nyingine mtu anakutazama. Tatu mazungumzo marefu na mafundi wenyewe. Sisi tuliolelewa kwamba kijana anyamaze mbele ya wakubwa tuliangukia hapo. Msaili anataka kusikia unavyofikiri. Ukikaa kimya dakika kumi halafu ukatoa jibu sahihi, anaweza kukukataa. Ukisema, "Hapa sina uhakika, nitajaribu hivi, nikikwama nitajaribu vile," anakuona mtu wa kufanya naye kazi. Kusema "sijui bado" kwetu kulikuwa aibu. Huko ni sehemu ya kazi.

Kuhusu Kiingereza, hawajali lafudhi. Wanajali kama unaeleweka. Tulifanya mazoezi sisi kwa sisi kila Jumapili jioni kwa simu, mmoja akiuliza, mwingine akieleza kazi yake. Hilo lilitusaidia kuliko kozi yoyote.

Milango iliyo wazi, na vizingiti vyake

Tutaeleza zaidi Ujerumani kwa sababu tunaijua, nyingine tutazigusa tu. Viwango hivi ni vya mwaka wa 2025, na hubadilika, kwa hiyo kila mtu asome mwenyewe tovuti ya serikali husika kabla ya kuomba.

Ujerumani ina kibali kiitwacho Kadi ya Buluu ya Ulaya. Unahitaji mkataba wa kazi kwanza. Kwa kazi za kompyuta, mwaka 2025 mshahara haukutakiwa kupungua euro 43,759.80 kwa mwaka. Mwenye shahada hukaguliwa kama chuo na shahada yake vinatambuliwa huko. Kuna hifadhi ya taarifa iitwayo anabin ambapo unaweza kutazama jina la chuo chako bure. Tangu Novemba 2023 hata asiye na shahada anaweza kupata Kadi ya Buluu kwa kazi za kompyuta, ikiwa ana uzoefu wa angalau miaka mitatu katika saba iliyopita, wa kiwango cha kazi ya msomi wa chuo. Yule mhasibu wetu aliingia kwa mlango huo. Sasa mnaelewa kwa nini tunasisitiza kazi za hapa nchini: barua za waajiri wa Dar es Salaam na Moshi, zenye tarehe na maelezo ya kazi, ndizo zilizokuwa shahada yake. Kijana unayeondoka kwa mwajiri leo, usiondoke bila barua.

Kuna pia Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni 2024, inayomruhusu mtu kwenda Ujerumani hadi mwaka mmoja kutafuta kazi. Ina mfumo wa pointi na inadai uwe na elimu ya ufundi au chuo inayotambuliwa, Kijerumani cha mwanzo au Kiingereza kizuri, na uthibitisho wa pesa za kujikimu, ambazo mwaka 2025 zilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi. Mwaka mzima hizo ni zaidi ya euro 13,000. Hatuishauri kwa familia ambayo italazimika kuuza shamba. Mwaka ukiisha bila kazi unarudi, na pesa imekwisha.

Uholanzi mwajiri ndiye anayekuombea kibali, na kwa aliye chini ya miaka 30 kima cha mshahara ni cha chini kuliko kwa aliyevuka umri huo. Ayalandi, ambako Kiingereza ni lugha ya nchi, ina kibali cha ujuzi adimu ambacho waandishi wa programu wamo kwenye orodha yake. Uingereza ilipandisha kima cha mshahara Julai 2025 hadi pauni 41,700, au zaidi kulingana na kazi husika, na mlango umekuwa mwembamba kwa anayeanza. Marekani, viza yake ya kazi za kitaalamu hupatikana kwa bahati nasibu, nafasi 85,000 kwa dunia nzima kila mwaka, na Septemba 2025 iliwekwa ada ya dola 100,000 kwa mwajiri anayemleta mtu mpya kutoka nje. Anayekuahidi hiyo kwa milioni nane, muulize hizo nyingine atazitoa wapi.

Yasiyoonekana kwenye picha

Mnaona picha zetu tukiwa na makoti kwenye theluji. Tuseme na yaliyo nje ya picha.

Mshahara mnaousikia ni ghafi. Kwa mtu asiye na mke wala mume, Ujerumani hukata karibu euro moja katika kila tatu, kwa kodi, bima ya afya na pensheni. Kodi ya nyumba Berlin inameza sehemu kubwa ya kinachobaki, na kuipata nyumba ni kazi kuliko kuipata kazi. Na bila anwani huwezi kujiandikisha kwenye ofisi ya mtaa, na bila kujiandikisha mambo mengine mengi yanakwama.

Kiingereza kinatosha ofisini. Hakitoshi kwenye sanduku la barua. Barua za kodi, za bima, za mwenye nyumba, zote ni za Kijerumani. Mmoja wetu alipuuza barua akidhani ni tangazo la biashara. Ilikuwa dai la malipo, na kufikia ya tatu faini ilikuwa imeongezeka. Kwa hiyo tunawashauri vijana: mkiona njia inaelekea Ujerumani, anzeni Kijerumani hapa hapa. Goethe-Institut iko Upanga. Tena kina faida ya kisheria: mwenye Kadi ya Buluu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27, na akifika ngazi ya kati ya Kijerumani, yaani B1, baada ya miezi 21.

Kisha kuna hili ambalo hatukutaka kuliandika, lakini tuliahidi ukweli. Mmoja wetu alimzika baba yake kwa simu. Alikuwa katika mwezi wa pili wa kazi mpya, katika kipindi cha majaribio, na nauli ya ghafla hakuwa nayo. Mdogo wake alishika simu juu juu makaburini ili aone, na mtandao ukakatika wakati wa kuweka udongo. Ninyi mliokuwepo ndio mliotupa udongo kwa niaba yake. Hajawahi kuwashukuru hadharani. Leo anawashukuru.

Njia ya nne: kazi ya nje, miguu nyumbani

Ndiyo maana tunamtaja kwa uzito mwenzetu wa Moshi. Kampuni yake iko Ulaya, yeye yuko Moshi. Wanaonana kwa video asubuhi, anaandika programu mchana, anaingiza kazi yake jioni. Hakuhitaji viza. Ana mkataba, anajilipia kodi TRA, na hana mwajiri wa kumlipia mafao, kwa hiyo anajiwekea mwenyewe. Analipwa chini ya sisi wa Berlin, lakini habaki na kidogo kuliko sisi, kwa kuwa maisha yake ni ya Moshi. Alipouguliwa na mama alipanda gari mchana, na jioni yuko kitandani kwake akimshika mkono.

Tatizo lake ni umeme na intaneti. Ana betri, ana sola, ana laini za mitandao miwili. Mara moja umeme ulikatika katikati ya kikao na mteja, na betri ikazima naye akiwa anaeleza. Tangu siku hiyo anasema fani yetu ina mitihani miwili: wa programu na wa Luku.

Tunaamini vijana wengi wa Usangi watapata kazi kwa njia hii kuliko kwa ndege. Na inahitaji vitu vile vile: ujuzi, Kiingereza cha kueleweka, na kazi ya kuonyesha.

Swali la mzee wetu

Mwaka jana, tulipoligusa jambo hili kwenye kikao, mzee mmoja aliuliza: "Mnataka tuchange ili watoto waondoke?" Watu walicheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Tumelitafakari mwaka mzima.

Jibu letu ni hili, mzee wetu. Watoto wanaondoka tayari. Kila Januari basi likishuka Mwanga linawabeba, wengine kwenda kuendesha boda Dar es Salaam, wengine kwenda kuuza duka la mtu. Hatuwezi kufunga barabara. Tunachoweza kuchagua ni kama wataondoka wakiwa na fani mkononi au mikono mitupu. Na fani hii, tofauti na nyingine, ndiyo inayoruhusu mtu kubaki. Kati yetu wanne, mmoja amebaki, na mwingine anapanga kurudi. Uhakika hatuwezi kukupa. Tunaweza kukupa hesabu tu: wote wanne tumetoa mchango wa chama kila mwaka tangu tulipopata kazi.

Tunaloliomba

Mwenyekiti, hatuombi chama kianzishe mfuko wa kukopesha nauli na viza. Tunaupinga mfuko wa namna hiyo, kwa kuwa utakuwa chakula cha mawakala. Tunaomba chumba cha kompyuta katika sekondari yetu.

Chumba kipo, ni ile stoo ya zamani iliyo jirani na maabara. Bodi ya shule imeridhia. Makadirio ni haya. Kompyuta 20 za mtumba zilizokaguliwa, kwa shilingi 450,000 kila moja, ni milioni 9. Sola na betri, milioni 4.5. Meza na viti vya seremala wa hapa hapa, milioni 2. Nyaya, nondo za madirisha na kufuli, milioni 2.4. Intaneti ya mwaka mmoja, milioni 1.8. Posho ya mwalimu wa fani kwa mwaka mmoja, shilingi 300,000 kwa mwezi, milioni 3.6. Jumla ni shilingi milioni 23.3.

Sisi wanne tunaanza na milioni 8, na tumeshaziweka kwenye akaunti ya chama kabla ya kusimama hapa, mweka hazina ni shahidi. Zinabaki milioni 15.3. Pamoja na pesa, tunatoa muda: kila Jumamosi mmoja wetu atafundisha kwa video saa mbili, na kila Desemba anayekuja likizo atakaa chumbani humo siku tatu. Kijana yeyote wa tarafa hii atakayeletewa barua ya ajira ya nje, aipeleke kwa katibu, naye atatutumia. Tutaikagua bure, siku hiyo hiyo.

Tunajua hofu iliyopo. Mmeona miradi ikizinduliwa kwa ngoma na baada ya miaka miwili mlango una utando wa buibui. Ndiyo maana posho ya mwalimu imo kwenye hesabu, si baadaye. Wazee wetu waliochimba ndiva walijua kuchimba ni siku chache tu. Kazi ni kuzibua matope kila msimu, kulinda zamu, na kumtoza faini anayefungua maji si zamu yake. Chumba hiki ni ndiva. Tunaomba kiundiwe kamati ya watu watano, wawili wawe akina mama, na taarifa ya matumizi isomwe kila mkutano mkuu kama huu. Na zamu ya wasichana ilindwe, wasisukumwe nyuma ya kaka zao kwenye viti 20.

Huku kwetu msaragambo haukuwa wa pesa peke yake. Asiyekuwa na mbao alileta mikono, asiyekuwa na nguvu alipika. Kwa hiyo fundi umeme, tunahitaji siku zako mbili. Seremala, tunahitaji bei ya nyumbani. Mwanachama wa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Muscat, kama ofisi yako inabadilisha kompyuta, uliza za zamani zinakwenda wapi. Na mwenye shilingi elfu tano, elfu tano hiyo iandikwe jina lake, kwa sababu ada zetu sisi zilitokana na elfu tano za namna hiyo.

Baba aliyeuza shamba alisema amelipa ada ya shule nyingine. Somo tulilipata kwa bei kubwa. Tunaomba tulitoe kwa wadogo zetu kwa bei ya chumba kimoja, ili nyumba nyingine ya huku mlimani isiuze migomba yake kwa ajili ya karatasi yenye muhuri.

Fomu za ahadi zimeambatishwa mwishoni mwa kijitabu hiki, na mweka hazina atapokea kwa njia zilizotajwa humo. Ahadi zikamilike kabla ya mwisho wa Machi, ili chumba kifunguliwe muhula wa pili.

Tunawashukuru kwa kutulea na kwa udongo mliotutupia pale tuliposhindwa kufika. Mungu awabariki, na aibariki Usangi.